Siku moja maishani mwangu: loda iliyokataa kubeba

Saa 12:30 asubuhi

Kitu cha kwanza kuingia kwenye boksi langu la vifaa ni geji ya presha. Spana zinafuata. Geji yangu inasoma hadi psi 5,000 (psi ni kipimo cha presha), kwa sababu loda nyingi za matrekta madogo, yaani mikono ya mbele inayonyanyua kijiko cha kuchotea udongo kwa nguvu ya oili, hufanya kazi karibu na psi 2,500, na geji inayogonga mwisho wake kila siku haikai muda mrefu. Halafu vizibo visafi vya kila saizi, chaki, kipande cha kadibodi, na vitambaa visivyotoa nyuzi. Kijana ninayemfundisha kazi anabeba beseni la kukingia oili.

Saa 2:00

Mwenye trekta ni mtu mzima, na angependa nianze kufungua papo hapo. Naomba tukae kwanza anieleze.

Shida ya mwanzo ilikuwa loda kushuka yenyewe. Akiinua kijiko kitupu na kuzima injini, akienda kufunga geti na kurudi anakikuta kimelala chini. Fundi aliyeitwa wakati ule alibadilisha sili, yaani mipira ya kuzuia oili, za silinda zote mbili za kunyanyulia, na kwa kuwa paipu inayoleta oili kutoka kwenye pampu ilikuwa imechakaa, akaweka mpya. Loda ikaendelea kushuka vilevile, na juu ya hapo ikaishiwa nguvu.

"Kikiwa kitupu inanyanyua, fundi. Nikijaza udongo inanguruma tu."

"Na mikono ya nyuma, mzee? Jembe linapanda?"

"Jembe halina neno."

Jibu hilo limenipunguzia kazi kubwa. Trekta hili lina pampu moja tu: oili inapita kwanza kwenye valvu ya loda, kile kifaa chenye leva kinachogawa oili, ndipo inakwenda nyuma. Kama nyuma kuna nguvu, basi pampu ni nzima na chujio la upande wa kufyonza halijaziba. Nauliza kuhusu kukunja kijiko. Nako ni dhaifu. Sasa najua pa kutafuta: kwenye kile ambacho kunyanyua na kukunja vinakitegemea kwa pamoja, ndani ya valvu ya loda yenyewe. Silinda moja mbovu haiwezi kudhoofisha kazi zote mbili.

Na nimeweka akilini kwamba udhaifu ulianza baada ya matengenezo.

Saa 2:40

Oili. Naipima loda ikiwa chini na silinda zimeingia ndani, kwa sababu loda ikiwa juu sehemu ya oili imo ndani ya silinda na kijiti kitakudanganya. Kiwango kiko sawa. Haina weupe wa maziwa, kwa hiyo haijaingia maji. Haina povu, kwa hiyo hakuna hewa inayofyonzwa.

Saa 3:00

Hapa moyo umenidunda. Injini inaunguruma, loda imebeba, na kijana ameona unyevu kwenye paipu karibu na silinda ya kulia. Mkono wake umeshaanza kwenda kupapasa. Nimepiga kelele akaurudisha.

Kitundu cha paipu ya haidroliki, yaani ya oili yenye presha, kinaweza kuwa chembamba kuliko sindano, na oili inayotoka pale hupasua ngozi na kuingia mwilini. Jeraha linaonekana kama doa dogo, pengine haliumi sana mwanzoni, na ndiyo maana watu hulipuuza. Ndani, oili inaendelea kuua nyama. Aliyepigwa namna hiyo anapelekwa hospitali saa ileile, na mara nyingi anahitaji upasuaji. Akichelewa anaweza kupoteza kidole au mkono. Nampa kadibodi, anaipitisha taratibu mbali kidogo na paipu. Imebaki kavu. Ule unyevu ulikuwa grisi iliyoyeyuka. Lakini nimemrudishia somo lote, mwanzo hadi mwisho, na nitamrudishia tena wiki ijayo.

Saa 3:30

Loda chini, injini imezimwa, leva inasukumwa pande zote nne ili presha iliyobaki itoke. Nachomeka geji kwenye njia ya kukunja kijiko, nawasha, nakunja hadi mwisho na kushikilia leva kwa sekunde chache tu, maana ukishikilia sana oili inachemka bure.

Geji inasema 1,400. Kitabu cha trekta kinataka 2,500.

Silinda za loda hii zina kipenyo cha ndani cha milimita 50. Kwa psi 2,500 kila moja inasukuma kama tani 3.4. Kwa psi 1,400 haifiki hata tani 2. Mzee hakuwa akilalamika bure.

Wapo mafundi ambao wangekaza skrubu ya valvu ya usalama, ile iliyomo kwenye valvu ya loda na kurudisha oili tangini presha ikizidi, hadi geji ipande. Mimi sikubali. Valvu ile iliwekwa ili paipu zisipasuke na mikono ya loda isipinde. Kama iliwahi kutoa 2,500 na leo inatoa 1,400 bila mtu kuigusa, skrubu haina kosa.

Saa 4:15

Nasafisha kila kitu kwa nje kwanza, halafu naifungua valvu ya usalama. Springi nzima. Koni, kile kizibo chake, nzima. Lakini pembeni ya kiti inapokalia koni pameganda kitu cheupe, kama uzi uliolowa. Nakivuta kwa kibano: ni tepu nyeupe ya mafundi bomba, urefu wa ukucha. Nakwenda kwenye paipu mpya ya pampu, nalegeza kiungio chake, naikuta tepu ileile imezungushiwa nyuzi.

Tepu ile mahali pake ni mabomba ya maji. Kwenye haidroliki inakatika vipande, na oili inavibeba mpaka pembamba pa kwanza. Hapa pembamba pa kwanza palikuwa valvu ya usalama. Koni haikufunga, oili ikawa inarudi tangini kabla haijafanya kazi. Nimeondoa tepu yote, nikasafisha, nikafunga. Geji: 2,500.

Saa 6:00

Nguvu imerudi, mzee anafurahi, lakini loda bado inashuka. Nachora chaki kwenye mkono wa loda na kupima: sentimita 40 kwa dakika 5.

Saa 6:30

Kosa hili linanisikitisha kila ninapolikuta, kwa sababu watu hutumia pesa nyingi mahali pasipohusika. Loda ikishuka, wa kwanza kulaumiwa ni sili za pistoni. Hebu fikiria: oili ikivuja kupita pistoni, inatoka upande mmoja wa silinda hiyohiyo na kwenda upande wa pili. Ule upande wa pili una fimbo ndani yake, nafasi yake ni ndogo, hauwezi kupokea oili yote. Njia zote mbili zikiwa zimefungwa sawasawa kwenye valvu, loda haiwezi kushuka kiasi hiki. Lazima oili ipate pa kutokea.

Hata hivyo napima, sitegemei fikra tupu. Tunatoa kijiko, tunashusha mikono hadi silinda ziingie kabisa, tunazima na kutoa presha. Nafungua paipu ya chini ya silinda moja, naziba paipu, naweka beseni. Kijana anawasha na kusukuma leva ya kushusha. Matone mawili, basi. Silinda ya pili vilevile. Sili ni nzima.

Saa 8:00 mchana

Imebaki spuli, kile chuma kinachoteleza ndani ya valvu. Haina mpira wa kuzuia oili. Inategemea tu kubanana kwa chuma na chuma kwa nafasi ya mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ndiyo maana kila loda hushuka kidogo. Lakini ikisimama kando ya katikati, hata kwa milimita mbili, oili inapata mlango.

Kifuniko cha mpira chini ya leva kimepasuka. Ndani, udongo mkavu umejaa kwenye kiungo na kuwa mgumu kama tofali. Nachomoa pini inayounganisha leva na spuli, na spuli inarudi yenyewe katikati: tak. Nimemwita kijana, nikairudisha pini, nikaichomoa tena, ili aisikie kwa masikio yake.

Brashi ya waya, grisi, kifuniko kipya, kisha narekebisha urefu wa kiungo mpaka pini iingie bila kulazimishwa.

Saa 10:00

Kijiko kimejaa udongo, kiko juu, injini imezimwa. Tumezuia eneo, hakuna anayepita chini yake. Dakika 10 zimepita na chaki imeshuka sentimita 1. Mzee anaangalia saa yake, anaangalia chaki, anaangalia saa tena. "Tuongeze tano, fundi." Tumeongeza tano.

Saa 2:00 usiku

Kwenye daftari: psi 1,400 kabla, 2,500 baada. Kushuka: sentimita 40 kwa dakika 5 kabla, 1 kwa dakika 10 baada. Kipande cha tepu nimekibandika pembeni ya ukurasa. Kesho kuna trekta ambalo pampu yake inalia kila asubuhi na kunyamaza ikipata joto. Nimemwambia mwenyewe asiliwashe kabla sijafika, nataka kulisikia likiwa bado baridi.