Vidonge kwenye kopo la iliki

Mwaka 2018, mwimbaji Mariah Carey alipotangaza kwamba ana baipola, ugonjwa wa akili unaokupandisha na kukushusha, nilikuwa barazani Kibokoni na kahawa chungu mkononi, nimenyamaza. Kumbe alijua tangu 2001! Mimi nilikuwa na miaka mitatu tu ya kuficha lithiamu, dawa ya ugonjwa huo huo, kwenye kopo la iliki.

Nilishanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Shangazi alisema ni jini. Siwalaumu: wiki moja silali, napaka nyumba rangi usiku, nakopa vitambaa vya kanzu kumi, wiki ya pili hata kuoga siwezi.

Nikamwonyesha Mama picha kwenye simu.

“Huyu naye ana jini?”

“Ana ugonjwa kama wangu, Mama.”

Akaenda jikoni, akarudi na lile kopo.

“Basi meza. Najua siku nyingi viliko.”