Mita 30 za Kamba

Agosti 2003 nilikuwa na miaka 16. Tulikuwa wanne katika mtumbwi wa mbao wa futi 28: baba, mimi na mabaharia wawili, mmoja wao kijana kutoka upande wa Kongo. Tulitoka jioni kwenye mwalo, yaani bandari ya wavuvi, wa Kaiso upande wa Uganda, tukatega nyavu kama kilomita nane kutoka ufukweni, kisha tukabaki juu ya maji kuzilinda. Wavu usio na mlinzi katika Ziwa Albert mara nyingi haufiki asubuhi.

Saa nne usiku umeme ukaanza kumulika nyuma ya milima ya Kongo. Baba aliutazama kidogo tu. "Vuteni," akasema. Tulivuta nyavu zote zikiwa karibu tupu, na kipande cha mwisho kilipoingia mtumbwini upepo ulikuwa umeshatufikia.

Asiyelijua ziwa hili hudhani kwamba ni dogo kwa hiyo ni jepesi. Urefu wake ni kama kilomita 160 na upana kama 30, limelala kati ya kuta mbili za Bonde la Ufa. Mawimbi yake hayaendi juu sana. Ubaya wake ni kufuatana karibu karibu, tena yamesimama wima. Mtumbwi haujamaliza kushuka la kwanza, la pili limeshafika. Ukiyapa ubavu, la kwanza linaingiza maji, maji yale yanakimbilia upande ulioinama, na la pili linakuta kazi imebaki nusu. Mitumbwi mingi hupinduka hivyo, na wala si lazima wimbi liwe kubwa.

Injini iliwaka, ikaenda kama dakika kumi, ikakohoa, ikazima. Kifuniko cha jerikeni ya petroli kilikuwa na ufa ambao hatukuuona, na maji ya ziwa yalikuwa yameingia. Maji huzama chini ya petroli, na mpira wa mafuta hunyonya kutoka chini, kwa hiyo injini hunywa maji kwanza. Dawa yake inajulikana: unalegeza skrubu ya chini ya kabureta, unamwaga, unafuta plagi, unavuta upya. Mchana kwenye maji tulivu ni kazi ya robo saa. Gizani, mtumbwi ukiwa umelala ubavu kwa mawimbi, robo saa hiyo hamna.

Baba alivuta kamba ya kuwashia mara tatu. Baharia mkubwa akataka kuendelea. Baba akamshika mkono: "Tatu zinatosha. Leteni nyavu."

Nyavu zile alikuwa amezikopa kwa tajiri mwezi wa tatu. Alichukua vipande vinane, kila kimoja cha mita 90, vilivyolowa na vizito, akavifunga furushi moja pamoja na mawe mawili tuliyotumia kuzitilia nyavu nanga. Akafunga furushi kwenye kamba ya mita 30, ncha nyingine akaifunga mbele ya mtumbwi, kisha akalisukuma majini kwa mguu. Sikumwona akisita.

Nanga ya jiwe peke yake isingefika chini pale. Furushi halikuhitaji kufika chini. Lilining'inia ndani ya maji, ambako upepo hauna nguvu, likawa linauzuia mtumbwi usikimbie. Mtumbwi uligeuka polepole hadi pua yake ikatazama mawimbi, na kishindo cha ubavuni kikakoma. Urefu wa kamba ndio siri. Ikiwa fupi, kila wimbi linaikaza ghafla, inavuta pua chini na mtumbwi unakunywa maji kwa mbele. Ikiwa ndefu, inalegea na kukaza kwa utaratibu. Baba alivua shati lake akalizungushia kamba pale ilipogusa ubao, akaniambia niilegeze kwa shibiri moja kila nikihesabu mia tano, isisuguliwe mahali pamoja hadi ikatike.

Wengine aliwakalisha chini, katikati, nyuma kidogo, wakichota maji kwa ndoo bila kusimama. Jerikeni sita tupu za lita 20 zilikuwa zimefungwa chini ya mbao za kukalia, kila kifuniko kikiwa na kipande cha nailoni ndani yake ili hewa isitoke. Jerikeni moja iliyofungwa vizuri huwashikilia watu wawili wanaoning'inia tu bila kujaribu kuipanda. Alinipa kisu chenye kamba ya kuvaa shingoni. "Ukipinduka, kata. Fundo lililolowa halifunguki. Na usiuache mtumbwi. Mbao inaelea, wewe unachoka."

Yule kijana alikuwa akilia. "Mzee, kata hiyo kamba tupige kasia. Upepo unaenda upande wa Uganda, utatufikisha."

"Utatufikisha usiku," baba akajibu.

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu yake. Bila furushi, upepo ungetutupa ufukweni kabla ya alfajiri, kwenye miamba tusiyoiona. Yeye alikuwa anaununua mwanga. Baba alikulia Butiaba, na nikiwa mdogo alinionyesha mabaki ya meli Robert Coryndon, iliyozama palepale Butiaba maji ya ziwa yalipopanda miaka ya 1960. Aliniambia nchi kavu si rafiki wa chombo mpaka uione.

Baridi ilinitetemesha hadi vidole vikashindwa kuhesabu mia tano. Nikawa nahesabu mia mbili. Kulipopambazuka tuliona mchanga, kaskazini mwa kwetu, na mawimbi yakivunjika mbele yake. Baba hakukata kamba hata hapo. Tulirudi kinyumenyume: pua ikitazama ziwa, injini imeinuliwa, yeye akiachia kamba kidogo kidogo. Amri ilikuwa moja, na aliirudia mara tatu: mtu asisimame kati ya mtumbwi na nchi. Mtumbwi uliojaa maji ukigeuzwa na wimbi la mwisho humvunja mtu miguu katika maji ya magotini. Tulishukia pembeni, ubavu wa upande upepo unakotoka.

Furushi lilipovutwa lilikuwa limejaa magugu, nyuzi zimekatika. Baba alikaa mchangani kifua wazi, akakata maboya moja moja, akayahesabu, akayatia ndani ya jerikeni iliyopasuliwa. Mengine akayaacha pale. Deni la nyavu hizo alimaliza kulilipa karibu na Krismasi, na sikumsikia akizitaja tena.