Ngazi za Marseille na bibi wa Mayotte

Juu ya Paris sina mengi ya kusema zaidi ya baridi na bei. Pale stesheni chupa ndogo tu ya maji ilinitoa euro kadhaa, na nilipotaka kwenda chooni nikadaiwa tena. Treni ya kasi ikatufikisha Marseille, mwendo wa karibu kilomita 750, kwa saa tatu na kitu. Kwa nauli ile ningepanda boti ya Unguja hadi Dar, kwenda na kurudi, na chenji ikabaki.

Kilichonishtua ni ngazi za stesheni ya Saint-Charles. Zina vidato 104, zilijengwa miaka ya 1920, enzi Ufaransa ikijivunia makoloni yake waziwazi. Kwa chini, upande huu na ule, wamelazwa wanawake wawili wa mawe: mmoja ni Makoloni ya Asia, mwenzake Makoloni ya Afrika. Watu wanapita na masanduku yao, hakuna anayegeuza shingo. Mimi nilisimama nikamtazama yule wa Afrika, kalala nusu uchi mbele ya kila msafiri kwa takriban miaka 100, nikaona hasira inanipanda.

Hapo ndipo akateremka bibi mmoja, kidato baada ya kidato, anaburuta begi, salouva, vazi la wanawake wa Mayotte, lenye maua, linachungulia chini ya koti zito, upepo wa mistral unamsukumasukuma. Nikajikuta nimeshasema, "Shikamoo, bibi." Akasimama, akacheka, akaniitikia kwa Kishimaore, lugha ya Mayotte. Nami nikaendelea na Kiunguja changu, kila mmoja akidaka nusu ya maneno ya mwenzake, na mazungumzo yakaenda. Nikalichukua begi, tukashuka pamoja.

Kwao ni Mayotte. Kimbunga Chido cha Desemba 2024 kiliing'oa paa nyumba yake, ndipo binti yake aliyeko Marseille akamwita huku metropoli, yaani Ufaransa bara, kama wanavyosema wenyewe. Hakuhitaji visa, yeye ni Mfaransa. Visiwa vingine vya Komoro vilipopiga kura ya uhuru mwaka 1974, Mayotte walichagua kubaki, na mwaka 2011 kisiwa chao kikawa mkoa wa 101 wa Ufaransa.

Nilipomuuliza anakula nini huku, uso ukamchangamka. Akanielekeza soko la Noailles, si mbali kwa miguu: kisamvu cha barafu, ndizi mbichi, nazi. "Lakini ghali, mwanangu, ghali!" Nilikwenda, na kweli. Bei ya nazi moja pale, Makunduchi unapata fungu.

Usiku sikulala vizuri. Mjini Unguja tumekua na Wangazija, watu wa Komoro, tunaoana, tunazikana. Kutoka kisiwa cha Anjouan, Komoro, hadi Mayotte kwa yule bibi ni kama kilomita 70 tu, lakini tangu 1995 Mkomoro havuki pale bila visa, na wasioipata wanapanda vijiboti vya kwassa-kwassa, wengi wakazama. Nikaitoa pasi yangu, nikaisoma visa upya. Inanifikisha Paris, Marseille, hata Berlin nikitaka. Mayotte haimo.

Bibi alinikaribisha kwake paa likishaezekwa. Kumfikia jirani huyu wa bahari yetu itanibidi niombe kibali kingine kwa Wafaransa walewale, na nitakiomba.