Mtoro Aliyekuwa Dawati la Mbele

Januari 2023 nilikabidhiwa takwimu za shule yetu, shule ndogo ya msingi ya serikali wilayani Kilosa, yenye watoto wa wakulima na wa wafugaji. Rejista zilisema tuna wanafunzi 214. Nikapita darasa kwa darasa siku tatu, siku ya gulio nikiiruka. Sikupata zaidi ya 187.

Kujaza 214 kulikuwa rahisi. Ruzuku ya shule za msingi ilipigwa kwa kichwa, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikikatwa kwa ajili ya vitabu. Mwalimu mkuu aliniuliza kwa upole kama nimeifikiria chaki. Nilikuwa nimeifikiria. Lakini nyuma ya yale majina 27 kulikuwa na watoto, nami nilitaka kujua wako wapi.

Nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji anisindikize Jumamosi nne, boma kwa boma. Karatasi niliiacha kwenye mkoba. Ukiuliza "una watoto wangapi" hujibiwi vizuri, maana wengi hawaoni heri kuhesabu watoto. Nilisalimia, nikakaa, kisha nikauliza: "Leo nani wameamka hapa?" Hapo walitajwa mmoja mmoja, hadi aliyeshuka bondeni na ng'ombe.

Kwa bibi mmoja, koko kwa Kimaasai, nilitaja jina la msichana aliyeandikwa mtoro muhula mzima.

"Koko, mjukuu wako huyu mbona haji shule?"

"Mwalimu, huyo mimi simjui."

Akaita jina jingine kabisa. Akatoka binti mwenye sketi yetu ya shule, yule anayekaa dawati la mbele, karibu na mlango! Mjomba wake alimwandikisha kwa jina la ubatizo; binti mwenyewe alimtajia mwalimu wa darasa jina la nyumbani. Mtoto mmoja, mistari miwili: mmoja vema tupu, mwingine sifuri tupu. Cheti cha kuzaliwa hana, ila bibi anakumbuka alizaliwa wakati wa kampeni za Magufuli, 2015.

Majina ya namna hiyo yalikuwa tisa. Watoto 11 walikuwa wamehama na mifugo bila uhamisho, na kuwahamisha kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, kulinichukua simu nyingi. Saba walikuwa nyumbani, watano kati yao wasichana wanaolea wadogo zao. Hao ndio walioniuma. Mtendaji wa kijiji na Afisa Elimu Kata walizungumza na wazazi, wanne wakarudi. Mwisho wa Machi tukapeleka 191.

Siku hizi daftari langu la uandikishaji lina safu niliyoichora mwenyewe kwa rula: jina la nyumbani. Hilo simwulizi mzazi. Nachuchumaa namwuliza mtoto, na mara nyingi hulitaja kwa sauti ndogo, akiangalia miguu yake.