Namna tulivyopunguza hatari za msumeno wa meza katika karakana yetu Arua

Karakana yetu iko Arua, Uganda, kando ya barabara inayokwenda Vurra, mpakani na Congo. Mbao ngumu tunazotumia, hasa mvule na mkangazi, nyingi hutoka upande wa Congo, na hupasuliwa humo humo msituni kwa pawasoo, yaani msumeno wa mnyororo wa mkononi. Kwa hiyo hufika zikiwa na mawimbi: huku nene, huku nyembamba, na ukizilaza mezani zinacheza. Kila ubao hupita kwenye msumeno wa meza kabla haujawa mlango au kitanda. Mzee mwenye karakana aliponikabidhi usimamizi nilimwomba jambo moja kabla ya mengine yote: anipe nafasi nikague msumeno ule na namna tunavyoutumia. Katika mji huu nasalimiana na mafundi ambao mkono wao hauna vidole vitano, na ukiwauliza, wengi watakutajia mashine ya aina hiyo hiyo.

Ajali ikitokea, maelezo huwa ni yale yale: fundi hakuwa makini. Mimi sikubaliani nayo. Fundi makini kuliko wote huchoka ikifika saa kumi jioni, huwaza karo ya watoto, husikia simu ikilia mfukoni. Diski yetu, lile bamba la mviringo lenye meno, ina kipenyo cha milimita 400 na huzunguka mara 2,800 kwa dakika, maana yake kila jino linakimbia karibu mita 59 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hakuna binadamu mwepesi wa kuuvuta mkono mbele ya kasi hiyo. Kinga lazima iwe imeshakaa mahali pake kabla mkono haujafika.

Nilichukua daftari la shule nikakaa pembeni, nikawaomba vijana wafanye kazi kama kawaida yao. Nilikuwa natazama mambo manne tu: mikono inafika wapi, ubao ukirushwa utakwenda wapi, nani amesimama njiani, na nini kinatokea wakati msumeno haukati kitu. Hilo la mwisho ndilo lililonipa kazi kubwa. Wengi wetu tunaogopa msumeno unapolia, lakini mtu huusogelea zaidi ukiwa kimya: anafagia unga wa mbao chini ya meza, anachomoa kipande kilichonasa, anabadilisha diski.

Hapa Arua umeme hukatika na kurudi bila hodi. Swichi yetu ilikuwa ya kawaida, ile ya kupandisha na kushusha kama ya taa. Umeme ukikatika katikati ya ubao, diski inasimama na swichi inabaki imewashwa. Siku ile ya kukagua nilimwona kijana ameingiza mkono kuchomoa kipande wakati umeme haupo, na swichi iko juu. Nilimwita atoke, tukaishusha. Umeme uliporudi, taa ya karakana ilituonyesha ni wakati gani hasa msumeno ungejiwasha wenyewe. Hakuna aliyehitaji mahubiri baada ya hapo.

Dawa yake ipo na haina bei ya kutisha. Fundi umeme alituwekea kontakta, yaani swichi inayoshikiliwa na umeme wenyewe, yenye kitufe cha kijani cha kuwashia na chekundu cha kuzimia. Umeme ukikatika, kontakta inaachia. Ukirudi, mashine inabaki imezimwa mpaka mtu abonyeze kijani kwa hiari yake. Kitufe chekundu tulikiweka mahali ambapo goti linakifikia, kwa sababu mikono ikiwa imeshika ubao wa mvule huwezi kuiondoa. Swichi kuu ya ukutani ina kufuli. Anayebadilisha diski au kusafisha ndani huzima kule, hufunga, na ufunguo hukaa mfukoni mwake, hauachwi mezani. Na hata baada ya kuzima tunangoja, maana diski huendelea kuzunguka kwa muda.

Jambo la pili lilikuwa kisu cha nyuma, kile kibamba cha chuma kinachosimama nyuma ya diski. Sisi hatukuwa nacho kabisa, na kinga ya juu, kifuniko cha diski, niliikuta stoo chini ya viroba vya maranda. Nilimuuliza fundi wetu mkubwa, "Mzee, hii iliondolewa kwa nini?" Akanijibu, "Mwanangu, ilikuwa inazuia kuona mstari, na ubao mnene haupiti." Jibu lake nililiheshimu, kwa sababu kinga inayozuia kazi haidumu hata ukiipigia misumari. Lakini mbao zetu zina mkazo ndani yake. Ukizipasua, pande mbili hutaka kukutana tena nyuma ya diski. Zikikutana zinabana meno ya nyuma, ambayo yanapanda juu, na meno hayo huunyanyua ubao na kuurusha kwa anayeusukuma. Kisu cha nyuma huingia kwenye njia iliyokatwa na kuzizuia zisikutane.

Fundi vyuma wa jirani alitutengenezea. Vipimo ndivyo vyenye siri: kisu kiwe kinene kuliko bamba la diski na chembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Bamba letu ni milimita 2.5, meno yanakata milimita 3.6, basi kisu tukakifanya milimita 3. Kimepinda kufuata mviringo wa diski, na umbali kati yake na meno, usawa wa meza, hauzidi milimita 8. Kikiwa mbali zaidi ya hapo ubao unapata nafasi ya kubana kabla haujakifikia. Kinga ya juu tuliirudisha, ila tukaifunga kwenye mkono wa chuma unaopandishwa na kushushwa, ili ikae karibu na ubao wowote ule, mnene au mwembamba. Fundi mkubwa aliijaribu mwenyewe, akauona mstari wake, akaridhika. Tangu hapo yeye ndiye anayewasimamia vijana waishushe.

Kwa mikono tulichonga vijiti vya kusukumia, vina ncha yenye pengo la pembe kama mdomo wa ndege uliofunguka, vinaning'inia mezani upande wa kulia. Kanuni ni kwamba sentimita 30 za mwisho za kila mkato husukumwa kwa kijiti. Tulichonga vingi kwa makusudi, kwa sababu kikiwa kimoja kitapotea, na kikipotea mtu atatumia kidole gumba.

Anayepokea ubao upande wa pili alikuwa ananyoosha mkono juu ya diski ili auvute. Kumwambia "usinyooshe" ni kazi bure, ubao mrefu lazima ushikwe. Tuliongeza meza nyuma, ili sehemu anayosimama iwe angalau mita 1.2 kutoka meno. Sasa hata akitaka hawezi kuyafikia. Hiyo ndiyo aina ya kinga ninayoipenda.

Wateja nao walikuwa wanaingia na bodaboda zao na kusimama sawasawa na mstari wa diski, mahali ambapo ubao ukirushwa utatua. Tukapaka rangi ya njano sakafuni, tukasogeza benchi la kusubiria upande wa lango. Na jirani yetu anayechomelea vyuma alikubali kugeuza kazi yake, cheche zisielekee kwenye lundo letu la unga wa mbao. Tulizungumza kwa chai, yakaisha.

Mvule una jambo lake. Mara nyingine ndani yake mna mawe, kweli kabisa, chokaa iliyoganda ndani ya mti na usiione kwa nje. Jino la kabaidi, ile ncha ngumu iliyobandikwa kwenye diski, likigonga jiwe hilo huvunjika na kuruka. Kwa hiyo miwani ya kinga kwa mvule ni lazima, kinga ya juu ni lazima, na kila asubuhi diski hukaguliwa jino kwa jino kabla ya kuwashwa. Mbao za kuukuu tunazipekua misumari kwanza. Diski yenye ufa haifanyiwi kazi "ya leo tu". Na kwenye kila diski kuna mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa umeandikwa; mashine isiuzidi. Nimeona watu wakifunga diski ya kukatia mbao kwenye grainda ndogo ya mkononi, inayozunguka mara 11,000 kwa dakika na haina kisu cha nyuma. Kwetu jambo hilo limepigwa marufuku bila mjadala.

Glavu kwenye msumeno wa meza tumezikataa pia, ingawa wageni hushangaa. Meno yakishika kitambaa yanavuta mkono mzima. Glavu ni za kupakua mbao kwenye lori. Masikio tunayakinga, kwani msumeno ukikata mbao ngumu unaweza kufika kelele ya desibeli 100, na kwa kipimo kinachotumika na wataalamu wengi, kelele hiyo kwa dakika 15 ni sawa na siku nzima ya kazi kwenye desibeli 85.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyuma vyote ni malipo. Vijana wa kupasua walikuwa wanalipwa kwa kila ubao. Ukimlipa mtu kwa ubao, umemlipa aruke kijiti, aruke kushusha kinga, aendelee gizani. Nilimweleza mzee hivyo hivyo. Nilimkumbusha pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kuweka mahali pa kazi salama, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka alipe mtu akiumia kazini. Aliwaza, akapiga hesabu zake, akakubali kazi ya kupasua ilipwe kwa siku. Kazi nyingine zimebaki kwa kipande.

Vumbi bado hatujalimaliza. Vumbi la mbao limewekwa na shirika la utafiti wa saratani la IARC katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua, na la mvule huwasha ngozi na kifua hata kabla ya hapo. Tumeacha kulipuliza kwa kompresa, maana linabaki hewani kila mtu alivute. Tunanyunyiza maji kidogo sakafuni ndipo tunafagia, na anayepasua huvaa barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa. Lakini barakoa ni ya mwisho kwenye orodha yangu. Ninachotaka ni feni ya kufyonza yenye bomba linaloshika vumbi pale pale chini ya diski, na mzee ameshatuma mtu Ndeeba, Kampala, kuuliza bei.