Nilienda Tempe kuiaga timu isiyo yangu

Tarehe 17 Aprili 2024 nimesimama getini Mullett Arena, Tempe, Arizona, jasho linanichuruzika, na kijana wa mashine ananiambia kwa mara ya tatu kwamba tiketi yangu imeshatumika. Imeshatumika na nani? Nimetoka Winnipeg, Kanada, kwa ndege mbili, mkate wenye nyama wa pale airport dola 17, na tiketi yenyewe nimeinunua kwa mtu mtandaoni dola 280 za Marekani, ukibadilisha kwa za Kanada inakaribia 390, kumbe jamaa ameshawauzia wengine ileile. Nikapiga simu, imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa.

Nikajibanza kivulini nusu saa nzima, najiuliza kama nirudi hotelini, na hoteli nayo bei yake sitaki hata kuitaja. Uwanja ni wa chuo kikuu, unachukua watu kama 4,600 tu, yaani timu ya NHL, ligi kubwa kuliko zote za hoki ya barafu, mashabiki wake wote ungewaweka kwenye jukwaa moja la uwanja wa Nyayo, Nairobi, na nafasi ikabaki. Ndiyo maana tiketi zilikuwa moto, maana Arizona Coyotes wanacheza mechi ya mwisho, na Edmonton Oilers, halafu wanahamishiwa Salt Lake City, Utah.

Hapo ndipo mama mmoja mwenye jezi iliyochakaa, namba mgongoni imebanduka nusu, akanifuata na kuniambia mume wake amegoma kuja, amekaa nyumbani na hasira zake, kwa hiyo ana tiketi ya ziada. Nikatoa pesa, akakataa. Akauliza natoka wapi. Nikamwambia Winnipeg, akanyamaza, akanitazama weee, ndipo akasema, "Kwa hiyo umekuja kuona na sisi tunavyoumia."

Maana timu hii ilikuwa yetu. Ilikuwa Winnipeg Jets mpaka 1996, ikapelekwa Phoenix. Mzee jirani yangu, aliyenifundisha huu mchezo tukiwa kwake tunaangalia TV, bado anaongelea mwaka ule kama watu wanavyoongelea msiba. Ndiye aliyefanya nipande ndege, alitaka mtu aende, yeye miguu haimruhusu. Kwa hiyo nikamwambia huyo mama ukweli, kwamba nimetumwa na mtu aliyeshalia kilio hikihiki. Basi akanishika mkono tukaingia.

Mechi sitaisimulia sana, Coyotes walishinda 5-2 na watu wakaimba mpaka sauti zikakauka. Kilichonikaa ni yule mama, kila bao linapoingia anaruka halafu anakaa na kufuta macho na mkono wa jezi, na katikati ya hapo ananieleza mambo ya biashara kuliko mchambuzi yeyote niliyemsikia: timu ilifilisika 2009, mji wa Glendale walikokuwa wakicheza ukakataa kuongeza mkataba wa uwanja, ndo wakaja kubanana hapa kwa wanafunzi tangu 2022, kisha Mei 2023 wakazi wa Tempe wakapiga kura kuukataa uwanja mpya. "Mimi nilipiga ndiyo," akasema, "lakini waliopiga hapana siwalaumu, waliahidiwa mengi na wenye timu miaka mingi sana."

Kesho yake ligi ikapitisha mauzo. Dola bilioni 1.2, bilioni moja ikaenda kwa mmiliki Alex Meruelo, milioni 200 wakagawana wenye timu zingine. Wachezaji wakaenda Utah kwa mnunuzi, Ryan Smith, jina na nembo vikabaki Arizona bila timu. Shabiki aliyelipa tiketi miaka 28 hayumo popote kwenye hiyo hesabu, na hilo mimi linaniuma kabisa.

Usiku ule hotelini niliwaza nyumbani Kenya, kwenye soka letu. Klabu zetu zina njaa, mishahara inachelewa, uchaguzi ni fujo, lakini nani atainunua Gor Mahia aihamishie mji mwingine? Gor ni ya watu, hata wakiwa hawana senti. Zamani niliona huo ni umaskini tu.

Na Winnipeg nako, jamani, tulipata timu tena 2011 kwa kuitoa Atlanta. Yule mama aliniuliza kama siku ile kuna mtu Winnipeg aliyewafikiria watu wa Atlanta, nikashindwa kumjibu.

Niliporudi nilienda moja kwa moja kwa mzee, hata begi sijaweka chini. Hakuuliza matokeo.

"Walikaa baada ya mechi?"

"Walikaa. Wachezaji nao walirudi kuwaaga."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sisi walituzimia taa."

Pesa ya tiketi sijarudishiwa mpaka leo.