Uzoefu wangu: kupanga mabomba ya kituo cha upasuaji wa siku moja

Kituo cha upasuaji wa siku moja si hospitali iliyopunguzwa ukubwa. Mgonjwa wa mtoto wa jicho au ngiri anaingia asubuhi, jioni yuko kwake, na Ijumaa mlango ukifungwa hakuna anayegusa koki mpaka Jumatatu. Maji yanalala kwenye mabomba zaidi ya saa 60. Kwa joto la Dar es Salaam, bomba "la baridi" lililopita darini linaweza kufika nyuzi 30, na Legionella, bakteria wa majini wanaoleta homa ya mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mchoro wangu ni kupunguza maji yanayolala.

Naanza na tangi. Mwenye jengo mara nyingi anataka lita 10,000 ili awe na uhakika. Mwongozo wa WHO wa 2008 unataja lita 100 kwa kila upasuaji na lita 5 kwa kila mgonjwa wa nje. Operesheni 8 na wagonjwa 30 kwa siku ni lita 950. Ukijumlisha vyoo, usafi na otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke) unakaribia 2,000. Akiba ya siku 2 ni lita 4,000, nami huigawa kwenye matangi mawili, kila moja na koki yake, ili moja lioshwe huku lingine likifanya kazi. Kwa matumizi hayo, maji ya tangi la 10,000 yanakaa siku 5 kabla hayajaisha, na klorini inakuwa imeshapotea. Mahali penye mgao mrefu, akiba ya ziada naiweka chini na kuitia klorini upya kabla haijapandishwa: ibaki 0.5 mg kwa lita baada ya nusu saa.

Hesabu ni hiyo hiyo kwenye saizi ya bomba. PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuchomwa) ya daraja la presha PN20 ya mm 32 inabeba takriban lita 0.35 kwa mita. Ya mm 20 inabeba 0.14. Ukitumia ya 32 kwa mita 10 kwenda sinki moja linalotoa lita 4 kwa dakika, daktari anangoja karibu dakika nzima kabla maji mapya hayajafika. Ya 20 inatosha. Tawi lililozibwa kofia "kwa ajili ya baadaye" nalikata kwenye tii yenyewe (kiungo cha njia tatu), ili maji yasilale humo.

Maunganisho ya PPR yanachomwa kwa nyuzi 260: sekunde 5 kwa mm 20, 7 kwa mm 25, 8 kwa mm 32. Fundi mwenye haraka husukuma bomba mpaka plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kuziba nusu ya njia. Jaribio la presha halitaliona hilo, kwa sababu kiungo hakivuji. Kila fundi mpya namwambia achome kiungo kimoja, halafu nakipasua kwa msumeno nikague ndani.

Maji ya moto yakae nyuzi 60 ndani ya hita, na yale yanayorudi kwa bomba la mzunguko yasishuke chini ya 50. Valvu ya kuchanganya maji ya moto na baridi, iliyowekwa nyuzi 41 hadi 43, iwe karibu kabisa na sinki, kwa kuwa kuanzia hapo kwenda mbele bomba limebeba maji ya joto ambalo bakteria hulipenda. Kosa ninalolikuta sana ni baridi kutoka pampu na moto kutoka tangi la juu bila pampu. Presha hazilingani, valvu inayumba, na watu wanailaumu valvu. Pande zote mbili zilishwe na pampu moja. Kuijaribu ni rahisi: funga baridi ghafla, moto nao ukatike ndani ya sekunde chache.

Sinki la kunawia kabla ya upasuaji lisiwe na plagi wala tundu la juu la kumwagikia maji yanayozidi. Koki iwe ya kiwiko, goti au sensa, mdomo wake uwe angalau sm 25 juu ya kitako cha sinki, na maji yasipige moja kwa moja kwenye tundu la kutolea, maana hapo uchafu wa trapu (mkunjo wa bomba unaobaki na maji ili kuzuia harufu) unaruka hadi mikononi. Ndani ya chumba cha upasuaji siweki mfereji wa kutolea maji sakafuni, hata wasafishaji wakiomba.

Otoklevu ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Inatema maji yanayokaribia kuchemka kwenye PVC isiyostahimili zaidi ya nyuzi 60, na baada ya muda bomba linalegea na kujipinda. Kipande cha kwanza nakifanya cha shaba au chuma cha pua, maji yapozwe, kisha yaende peke yake hadi chemba. Ukiliunganisha na masinki, mvuke unasukuma maji ya trapu zao na harufu inaingia ndani. Mwisho wa bomba la mashine na faneli inayopokea maji yake viachane mara mbili ya kipenyo cha bomba hilo, isipungue mm 25, ili maji machafu yasirudi kwenye mashine.

Maji yanayoingia kwenye otoklevu ni habari nyingine. EN 13060, kiwango cha Ulaya kwa otoklevu ndogo, inataka yasizidi maikrosimensi 15 kwa sm (kipimo kinachoonyesha chumvi iliyoyeyuka), na kisima cha pwani hakifiki huko bila RO, mtambo wa kuchuja chumvi kwa utando. Baada ya RO usitumie mabati. Maji hayo yanakula chuma. Yale yanayokataliwa na RO yanafaa kwa vyoo.

Kabla ya kukabidhi, presha ipandishwe mara 1.5 ya presha ya kazi, kisha mfumo ujazwe klorini ya mg 50 kwa lita kwa saa 24. Kwa HTH (klorini ya unga) ya asilimia 65 hiyo ni takriban gramu 77 kwa kila lita 1,000, na klorini ipimwe kwenye kila koki, si tangini tu. RO ifungiwe kwanza, kwani klorini huharibu utando wake. Yote yakishasuuzwa, karatasi ya vipimo inaingia kwenye faili la mkaguzi pamoja na ratiba ya Jumatatu: kila koki ifunguliwe, moto na baridi, mpaka joto lake litulie, na nusu lita imwagwe kwenye kila trapu ya mfereji wa korido ili isikauke.